Ukungu Kwenye Bembea

9 Februari

Mpendwa Mjomba,

Kabla hujafika mstari wa pili nakuomba ufunge mlango. Barua hii usimsomee mtu, hata Mkaza Mjomba, na ukiimaliza uichane vipande visivyoweza kuunganishwa tena. Siku ya kwanza kazini nilitia sahihi kwamba sitatoa nje neno lolote la kazi, na sijui kama mjomba aliyewahi kufanya kazi hapa anahesabiwa yuko nje au ndani. Nilitaka kumwuliza karani mwenzangu, nikaona kuuliza kwenyewe ni kujichongea.

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na Bibi ameyaona meno yake ya bandia. Mimi ni mzima. Bwenini tunalala wanne, vitanda vya ghorofa, na aliye juu yangu ni msichana mwendeshaji wa mashine ambaye miguu yake inachungulia nje ya kitanda, kwa hiyo wanamwita Mlingoti. Ningekupigia simu, lakini masikio yako na simu havielewani tangu enzi zako za mashine, na kwa kukupigia kelele bweni zima lingejua habari zangu.

Asante kwa kunitafutia kazi hii. Wamenipa chumba cha redio, kile kidogo nyuma ya ghala la mavazi, kisicho na dirisha. Bustani nzima ya michezo naisikia tu, siioni. Mafundi wana mkondo wao wa redio, waendeshaji wana wao, na mimi nipo katikati: fundi ananiambia, nami nampelekea mwendeshaji.

Juma lote la kwanza lilikuwa la kujifunza maneno, ambayo wewe unayajua lakini niruhusu niyaandike, maana sina mwingine wa kucheka naye. Mbele, wageni wanapotuona, ni sebuleni. Nyuma ya ua, tunapokula na kununa, ni jikoni. Anayetoka jikoni kwenda sebuleni anaambiwa "vaa meno", yaani atabasamu. Mtoto aliyepotea ni kifurushi, na mzazi akipatikana, kifurushi kimesainiwa. Mgeni akitapika kwenye Joka, kile kitreni cha kupanda na kushuka, mwendeshaji ananiambia maua yamekauka, nami namwita mfagiaji aje na mchanga kumwagilia. Mgeni mbishi ni wakili. Mkaguzi wa serikali ni shemeji: nikitangaza "shemeji yuko langoni", kila mtu anafuta viti. Sisi wapya ni mayai, mpaka mwaka uishe bila kupasuka.

Kisha yako yale matatu ya hatari, ambayo mwalimu wetu aliyaandika ubaoni na kuyafuta kabla hatujatoka. Vumbi: kasoro ndogo, endelea, fundi atapita. Ukungu: usipakie wengine, acha mzunguko uliopo uishe, msubiri fundi. Mvua: simamisha hapo hapo, shusha watu, funga. Maneno ya wazi ni marufuku. Anayesema "imevunjika" redioni anarudishwa nyumbani siku hiyo hiyo, kwa kuwa wageni wakisikia watakanyagana. Na mvua halisi ikinyesha tunasema "maji ya juu". Nilicheka, halafu nikageuka kutazama kama kuna aliyeniona.

Ila kuna jambo linanisumbua. Jana fundi alisema vumbi kwenye farasi wa duara. Nikapeleka vumbi. Mwendeshaji, mzee wa siku nyingi, akaacha kupakia watu kana kwamba nimesema ukungu. Nilidhani nimekosea kazi. Nilipomwuliza jikoni alinitazama tu, akasema, "Kamwulize Breki." Breki ni wewe, Mjomba. Kumbe hapa bado wanakutaja.

Nisaidie. Sipendi kufanya kazi nisiyoielewa.

Mpwa wako

*

2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mlango niliufunga, Mkaza Mjomba wako akaufungua kuuliza kwa nini nimeufunga. Nikamwambia nasali. Akaniuliza tangu lini.

Bibi yako hajambo. Meno yamepatikana ndani ya kiatu changu, na niliyagundua kwa mguu. Mama yako anakusalimu, anasema ule, na usimkopeshe mtu sweta. Paa la stoo linavuja. Fundi wa bati amekuja mara mbili kulitazama. Kutazama anajua sana yule bwana.

Sasa hilo la farasi. Hukukosea, binti, ni kwamba ulisikia kitu kisichofundishwa darasani. Kwenye kazi ile neno halisemwi kwa uzito wake. Fundi akisema vumbi, wewe jua ni ukungu. Akisema ukungu, ni mvua, watu washuke. Mvua yenyewe haisemwi, labda mtu awe ameshalala chini. Maana ukitamka mvua, mashine inatiwa lakiri mpaka shemeji aje kuifungua, na shemeji huja anapojisikia, na timu nzima ya mashine hiyo inakaa nyumbani bila ujira ikihesabu boriti. Basi watu wazima wakaelewana: asemaye ashuke ngazi moja, asikiaye apande ngazi moja. Mashine inasimama vile vile, watu wanashuka vile vile, fundi anakaza anachokaza, na jioni kila mtu ana kazi yake. Miaka yangu yote pale kwenye gurudumu kubwa la kupandisha watu hakuumia mtu.

Usiniulize nani alianza. Lilianza tu, kama njia ya mkato inavyoanza, watu wanapita, majani yanalala.

Usiliulize kwa sauti. Wazee wanajua, wewe sasa unajua, inatosha. Na barua hii ichane kama nilivyochana yako. Msalimie mzee wa farasi, mwambie Breki anasema bado anamdai mchezo wa bao.

Mjomba wako

*

21 Aprili

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini Bibi na Mama hawajambo, na fundi wa bati ameacha kutazama. Mimi ni mzima, kwa maana kwamba sijaumia. Barua hii nimeianza mara nyingi, na kila mara nilipofika kwenye habari yenyewe nilikumbuka kwamba nimesahau kukata sabuni, au jambo jingine lisilo na maana, nikainuka. Leo sitainuka.

Ilikuwa Jumapili ya likizo, bustani imejaa. Mwendeshaji wa bembea ya minyororo, ile ambayo viti vinaning'inia na kuzunguka hewani, alikuwa ameomba ruhusa kwenda kuzika. Mahali pake wakamweka Mlingoti, huyu wa kitanda cha juu yangu. Yeye ni yai kama mimi. Alipotoka bwenini asubuhi alikuwa na furaha, alisema leo wamemtoa kwenye vikombe vya watoto na kumpa mashine ya watu wazima.

Mchana fundi wa bembea alipita chini yake akasikia mlio asioupenda. Akabonyeza redio yake akasema, "Redio, ukungu kwenye bembea." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chai. Nikageukia mkondo wa waendeshaji nikasema, "Bembea, ukungu." Ikajibu sauti ya Mlingoti: "Bembea nimesikia. Ukungu."

Akafanya alivyofundishwa. Alifunga kamba ili wengine wasipande, akaacha mzunguko uliopo uishe.

Mzunguko haukuisha. Redio ilifunguka nikasikia watu wakipiga kelele, na juu ya kelele, Mlingoti: "Mnyororo umekatika. Mtu ameanguka. Leteni daktari, mtu ameanguka." Maneno ya wazi, moja baada ya jingine. Na jambo la kwanza nililofikiri, Mungu anisamehe, ni kwamba atarudishwa nyumbani kwa kusema hivyo.

Aliyeanguka ni fundi cherehani. Alikuja na watoto wake wawili, wao walikuwa kwenye viti vya nyuma yake wakaona yote. Amevunjika nyonga na mkono wa kulia. Yuko hospitali, anaongea, lakini madaktari hawataki kusema kama mkono huo utashika tena mkasi.

Mjomba, niliitambua sauti ya Mlingoti. Nilijua ni yai, na nilijua kwamba ukungu wa fundi ni mvua, kwa sababu wewe ulinieleza. Yeye hakuna aliyemweleza. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja jingine, na lisingechukua muda mrefu kuliko lile nililolisema. Nikajiambia mimi ni karani, napeleka nilichopewa.

Jana Meneja aliniita. Ni mtu mpole, unamjua, hasemi na mtu aliyesimama.

"Kaa, mwanangu. Umekunywa maji?"

"Nimekunywa."

"Fundi ameapa kwamba alisema mvua."

"Alisema ukungu, bwana Meneja."

"Ameapa, na ana miaka mingi kuliko wewe na mimi. Sasa, kama yeye alisema mvua na bembea haikusimama, neno lilibadilika njiani. Njiani mko wawili tu. Ama wewe uliligeuza, ama ulilipeleka sawasawa na yule binti akalipuuza." Akanisogezea sahani ya biskuti. "Sikuharakishi. Fikiri unataka kukaa upande gani."

Nikamwambia, kwa sauti ambayo nadhani hata yeye aliisikia kwa shida, kwamba hapa wote wanashuka ngazi moja. Akaniuliza, "Ngazi ipi?" kwa upole ule ule, kana kwamba nimetaja kitu cha nchi nyingine. Nilipotoka nikamwuliza mzee wa farasi, akasema hajui ninachosema, na kwamba ana mzigo wa kubeba. Hakuwa na mzigo.

Kamati ya uchunguzi itakaa mwezi wa sita. Mlingoti yuko nje kwa dhamana, amesimamishwa kazi, na mashtaka yameandikwa mawili: kupuuza mvua, na kutumia maneno ya wazi redioni. Kamati ikikubali la kwanza, polisi watamshtaki kwa uzembe, na hiyo ni jela.

Wewe peke yako ndiye uliyewahi kunieleza desturi hii kwa maneno. Barua yako niliichana kama ulivyoagiza, kwa hiyo sina cha kuonyesha, na hata ningekuwa nayo nisingeitoa bila ruhusa yako. Nakuomba uje useme mwenyewe. Utakuja?

Mpwa wako

*

30 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Paa limezibwa, sasa linavuja upande wa pili. Binamu yako amechumbiwa, kijana anauza betri za magari, anaongea sana lakini ana heshima. Bibi yako amemwuliza kama ana meno yake mwenyewe.

Habari za huko nimezipata. Pole sana. Na huyo fundi cherehani naye pole.

Meneja alipita hapa na mkewe, walikuwa njiani kwenda harusini. Wametuletea mashuka mawili mazuri. Bado ananiita mwalimu, maana alipokuwa yai mimi ndiye niliyemshika mkono kwenye gurudumu. Tulikaa mpaka chai ikapoa.

Wewe kula, lala, jibu unachoulizwa. Usichoulizwa kiache kilipo. Mambo haya yana watu wakubwa wake.

Mkono unauma, siandiki zaidi.

Mjomba wako

*

24 Mei

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mpe Binamu hongera zangu. Mama ameniandikia kwamba mchumba anaongea hata akiwa anakunywa maji, nikacheka kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Barua yako ina tarehe ya mwisho wa Aprili, lakini muhuri wa posta ni wa katikati ya Mei. Uliikalia. Tena umesema mkono unauma. Siku zote ni goti, Mjomba.

Naomba radhi kwa kuandika hivyo. Nimeufikiria mstari huo sana na nimeuacha ubaki.

Bembea imefunikwa turubai lenye picha za vichekesho, na wageni wanapiga picha mbele yake. Maneno ya hatari yamebadilishwa kwa kuwa ya zamani yamesikika mjini. Sasa ni njano, chungwa na nyekundu. Tuliitwa wote tukafundishwa upya, tukakariri kwa pamoja kama watoto. Siku ya pili tu baada ya mafunzo fundi wa Joka aliniita akasema njano, na mwendeshaji wa Joka, mzee, akashusha watu wote na kufunga. Nyekundu sijaisikia bado. Najua sitaisikia. Sasa kila fundi akiniita, nikishasema neno lake, naongeza kumwambia mwendeshaji, "shusha watu." Nimeonywa mara mbili.

Nilikwenda hospitali. Sikujitambulisha, nilibaki mlangoni kama mtu aliyekosea wodi. Fundi cherehani alikuwa na mtoto wake mkubwa, anamfundisha kupitisha uzi kwenye sindano, kwa maneno tu, maana mkono umefungwa. "Lamba ncha. Si hivyo, umeilamba kama peremende." Mtoto akacheka. Nikaondoka.

Mlingoti alikuja bwenini kuchukua godoro lake. Aliniuliza mbele ya wenzetu.

"Ulisema ukungu, au si ukungu?"

"Ukungu."

"Basi mbona mimi ndiye niliyekaa polisi?"

Yule anayelala kitanda cha dirishani akamwambia, "Mlingoti, bembea ikilia hivyo hata bibi yangu angeisimamisha." Mlingoti akamjibu, "Bibi yako angefukuzwa kwa kusimamisha bila mvua. Nilifundishwa hivyo, na wewe ulikuwa umekaa kiti cha pembeni yangu." Akalikunja godoro, akashindwa kulipitisha mlangoni, nikamsaidia. Tulipofika chini aliniambia taratibu, "Nilitazama juu, nikaona mnyororo unatetemeka. Nikasema moyoni, wangekuwa na wasiwasi wangesema mvua." Nimelala na sentensi hiyo tangu siku hiyo.

Sasa jambo ambalo limenifanya niandike. Meneja amenieleza kwamba amekuuliza wewe mwenyewe, na wewe mwenyewe umemwambia hakuna desturi kama hiyo. Alisema, "Mjomba wako ni mtu mkweli, sivyo?" Nikasema ndiyo.

Nijibu hilo moja tu. Ulimwambia hivyo?

Mpwa wako

*

10 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Nyumbani salama. Mama yako anasema umekonda hata kwenye mwandiko.

Sikumwambia haipo. Aliniuliza kama imeandikwa mahali popote, nikasema haijaandikwa. Ni kweli, haijaandikwa. Akaniuliza kama kampuni iliwahi kuifundisha, nikasema haikuifundisha. Ni kweli vile vile. Hakuniuliza jingine, na mimi sikuwa na haja ya kumwongezea mtu aliyekaa kwenye kiti changu.

Unataka nije na fimbo yangu nisimame mbele ya watu wenye suti niseme watu wa farasi hufanya nini, na wa Joka hufanya nini? Wote wale wana watoto shuleni. Wengine walinibeba goti lilipovunjika. Nikishamaliza kusema, nani atanisalimu?

Zamani kuna mtu alisema mvua kwenye gurudumu. Alikuwa na haki, ekseli ilikuwa na ufa, ungeweza kuingiza ukucha. Gurudumu likatiwa lakiri msimu mzima. Mwenzake wa zamu alikuwa na mtoto mchanga. Akahama mji kutafuta kibarua, na siku ya kuondoka alipita mbele ya nyumba ya huyo mtu na mizigo yake, akamtazama, hakusema neno. Baada ya hapo huyo mtu akawa mwangalifu na maneno yake. Wenzake wakaona ni mtu mwenye busara, wakamwiga. Ndivyo ilivyokuwa, na siandiki zaidi juu yake.

Meneja ametuma salamu tena. Nimewaambia hapa nyumbani mashuka yale yasitandikwe. Mkaza Mjomba wako ameniuliza sababu, nimemwambia yanawasha.

Yule binti ana wazazi?

Mjomba wako

*

29 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na Bibi na Mkaza Mjomba. Mama nimemwandikia kando, nikamwambia nimebadilisha makazi. Sababu sijampa. Ukiona anauliza sana, mwambie chumba cha zamani kilikuwa na unyevu.

Mlingoti ana mama. Mama yake anauza vitafunio nje ya shule, na amekuja kukaa na mwanawe siku za kamati. Amevaa viatu vya kuazima, vinambana, anavivua chini ya benchi akidhani hatuoni. Baba hana.

Kamati ilikaa juzi kwenye ukumbi wa ofisi ya kazi. Ni watu watatu, mwenyekiti ni mama mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Fundi wa bembea alitangulia. Alisema alisema mvua, na alikuwa akitazama kofia yake. Halafu nikaitwa mimi. Nilikuwa nimejiandalia maelezo mazuri yenye mpangilio, nikayasahau yote nilipokaa.

Nilisema fundi aliniambia ukungu. Nikasema nilipeleka ukungu, na binti akafuata ukungu kama tulivyofundishwa. Nikaeleza kwamba watu wa zamani hushuka ngazi moja, na kwamba hata maneno mapya nayo yameshashuka. Nikasema mimi nilijua, na nilijua kwamba yeye hajui, na nilinyamaza. Hapo mwenyekiti akaacha kuandika.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Nani alikueleza?"

"Mtu wa siku nyingi."

"Ana jina?"

"Analo. Nitamwomba alilete mwenyewe."

Upande wa Meneja walicheka kidogo. Mwanasheria wao akasema karani mwenye miezi mitano ametunga hadithi ili amwokoe rafiki yake aliyekuwa akilala naye chumba kimoja. Akamwuliza mzee wa farasi, ambaye walimwita kama shahidi wao, kama amewahi kusikia jambo hili. Mzee akasema, "Mimi nimestaafu kusikia." Hawakujua waandike nini.

Sikukutaja, Mjomba. Jina lako si langu kulitoa. Lakini mwenyekiti amesema neno la karani mmoja, aliyekiri kwamba naye ana kosa, halitoshi kuangusha kiapo cha fundi. Ametoa nafasi hadi tarehe 14 Julai, saa tatu asubuhi, pale pale. Asipotokea mtu wa zamani kuthibitisha, watafunga kwa walichonacho, na Mlingoti atatoka ukumbini na polisi. Mambo yote sasa yako hapo.

Barua yako ya mwisho sikuichana. Sitamwonyesha mtu, ila sikuweza. Nimeisoma habari ya yule mtu wa gurudumu, na nataka kukwambia kwamba, kama unamjua, umwambie siku ile alikuwa sawa. Ufa ulikuwepo. Waliokuwa juu walishuka kwa miguu yao, na hakuna hata mmoja kati yao anayejua mpaka leo. Mwenzake alihama na mtoto wake akiwa mzima.

Mimi nimefukuzwa. Barua ya kuachishwa inasema nimetoa siri za kazi, na ni kweli. Bwenini nilipewa mpaka jioni nitoke, nikahamia chumba alichopanga Mlingoti. Naogopa sana, sitakuficha. Nashtuka hata nikisikia muuza magazeti akiita.

Ukiamua kuja, usipige simu ofisini na usipite langoni kwa bustani kuwasalimu watu. Usimwambie Meneja, hata kama atapita tena na mashuka. Panda basi la asubuhi ya tarehe 13 ili usifike na giza. Ukishuka kituo kikuu, toka kwa mlango wa nyuma, ufuate barabara ya magereji mpaka duka la vioo. Baada ya duka kuna kichochoro. Nyumba yetu ina mlango wa chuma wa bluu, na chini yake wanauza vipuri vya baiskeli. Kengele haifanyi kazi, gonga kwa kiganja. Mwenye duka atakuuliza unakwenda kwa nani. Sema kwa wasichana wa juu. Ngazi zina giza, pita upande wa ukuta, pole pole.

Mchana mimi huwa natafuta kazi, kwa hiyo atakayekufungulia ni Mlingoti. Utamjua kwa urefu. Hatakuuliza wewe ni nani, atakuvutia kiti na kukupa maji, ndivyo alivyo. Mwambie wewe ni nani kabla hujakaa.

Mpwa wako